Nywele zinyooke bila kukatika

Goma mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Juni hadi Agosti kuna nafuu, kisha inarudi. Kwa hiyo dada akiingia saloni, kabla hata ya kuuliza bei, anauliza kama nywele zake zitavumilia mvua mpaka Jumamosi ya harusi. Ana haki ya kuuliza, maana hakuna anayetaka kutoka Birere nywele zimelala mgongoni, afike Ndosho zimesimama. Lakini sisi tunaoshika vichwa vya watu kila siku tumeona bei ya kile anachokitafuta: unyoofu unaovumilia mvua ndio unaokula nywele. Kadiri unavyotaka udumu, ndivyo unavyoulipia kwa nywele zenyewe, na wakati mwingine kwa ngozi ya kichwa na afya.

Sababu iko ndani ya unywele. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo. Viko vifungo dhaifu ambavyo maji na joto huvifungua. Unywele ukikauka au ukipoa vinajifunga upya kwa umbo uliolazimishwa. Uzi, bigudi (vile vibomba vya kuviringia nywele), seshuari (kikaushio cha nywele) na pasi vyote vinafanya kazi kwenye vifungo hivyo, ndiyo maana mvua ikikupata tu, nywele zinarudi zilivyokuwa. Viko pia vifungo vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Hivyo ndivyo vinavyovunjwa na defrizan, yaani dawa ya kunyoosha nywele, na ikishavivunja havirudi tena. Unywele huo utabaki umenyooka hadi siku utakapokatwa, lakini umepungukiwa nguvu kwa maisha yake yote.

Wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kuamua. Wameona picha kwenye simu, wamekusanya pesa, na mara nyingi misuko imefumuliwa jana yake. Hapo ndipo ajali nyingi huanzia. Kichwa kilichotoka kwenye misuko kina vidonda vidogo visivyoonekana, na nywele za pembeni zimechoka kwa kuvutwa. Ukikiwekea dawa siku hiyohiyo, kinaungua. Subiri wiki mbili, osha, weka matibabu ya nywele, acha ngozi itulie, kisha uamue.

Katika wiki hizo mbili fanya vipimo viwili ambavyo havina gharama. Okota nywele zilizobaki kwenye kitana uzitazame mwangani. Unywele wenye kijicho cheupe upande mmoja umeng'oka wenyewe kwa kuwa muda wake umefika, na hilo si tatizo. Vipande vifupi visivyo na kijicho ni nywele zilizokatika. Halafu chukua unywele mmoja uliolowa, ushike ncha mbili kwa vidole, uuvute taratibu. Ulio mzima unarefuka kidogo, ukiuachia unarudi. Uliochoka unarefuka kama mpira wa puto, haurudi, au unakatika papo hapo. Kichwa chenye nywele za namna hiyo hakipaswi kuguswa na dawa wala pasi, hata mteja akilia. Kinahitaji mkasi kidogo, protini na miezi ya kupumzika.

Kwa nywele nzima, tunaanza na uzi. Mama zetu na bibi zetu waliutumia kabla ya saloni kuwepo, na hadi leo hatujaona njia nyingine inayorefusha nywele za kipilipili bila kuziumiza hata kidogo kama hiyo, mradi mkono uwe mwepesi. Osha nywele, weka krimu ya kulainisha, fumua mafundo kwa kitana chenye meno mapana ukianzia nchani na kupanda kuelekea shinani. Ziache zikauke hadi zibaki na unyevu kidogo tu. Gawa mafungu ya upana wa vidole viwili. Funga uzi mweusi laini kwenye shina, usikaze, kisha uzungushe kushuka hadi nchani ukiunyoosha mkono, ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Lala nao, ukijifunga kitambaa cha satini. Asubuhi fungua kuanzia nchani. Kama uzi ulivuta hadi macho yakabana, au vipele vimetokea kwenye shina, ulikazwa kupita kiasi. Ukirudia hivyo kila wiki, nywele za paji zitarudi nyuma na mwishowe hazitaota tena.

Uzi hautakupa nywele za kung'aa na kulala bapa. Utakupa urefu wako halisi, nywele zilizojinyoosha, laini, zenye mwili. Anayetaka zaidi apige mizampli: nywele zikiwa mbichi zizungushiwe bigudi kubwa, akae chini ya kaske, ile kofia ya kukaushia nywele, kwa joto la kati hadi zikauke kabisa, karibu saa moja au zaidi kwa nywele nyingi. Bigudi ikitolewa ndani bado kuna ubichi, kazi yote imeharibika. Fungu la kisogoni ndilo hudanganya, kwa hiyo ligusie kwa kidole kabla ya kufungua mengine.

Kwa harusi au picha za kumaliza masomo, mizampli ikifuatwa na pasi mara moja inatosha kabisa. Na tunaposema mara moja, tunamaanisha pasi ipite mara moja juu ya fungu, kwa mwendo wa taratibu usiosimama. Ubaya wa pasi hauko kwenye joto tu. Uko kwenye joto lililozidi, unywele wenye maji, na kupita tena na tena mahali palepale. Nywele zenye unyevu zikikutana na chuma cha nyuzi joto 180, maji yaliyo ndani yanachemka na kutoboa unywele kutoka ndani. Ule mvuke unaolia tsss wakati wa kupiga pasi, ambao baadhi ya watu huusikia wakidhani kazi inaenda vizuri, mara nyingi ndio sauti ya maji hayo. Ukiusikia, simama, kausha.

Nywele laini, zenye rangi au zilizowekwa dawa zinatosheka na nyuzi 150 hadi 160. Nywele ngumu za asili zinaweza kwenda hadi 180, kwa nadra 190. Pasi nyingi zina namba 230, na ni huko keratini yenyewe inakoharibika. Paka kwanza dawa ya kukinga joto, kidogo, isambae, ikauke. Chukua fungu jembamba la sentimita moja au moja na nusu, tanguliza kitana chenye meno madogo, pasi ifuate nyuma yake. Fungu likiwa nene, joto halifiki katikati, na ndipo mkono unapoanza kurudia.

Hapa Goma kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalijui: umeme. Jioni ukiwa dhaifu, au jenereta ikiyumba, pasi inaonyesha taa lakini chuma hakijafika. Msusi anapita mara nne, mara tano, anakausha unywele bila kuunyoosha. Afadhali mteja aambiwe arudi asubuhi. Na kuhusu kile kitana cha chuma kinachotiwa kwenye jiko la makala, hakuna anayejua joto lake. Anayekitumia bado, akijaribie kwanza kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, hicho si cha kugusa kichwa cha mtu.

Baada ya kila kuosha, chukua kijifungu kimoja, ukiloweshe, ukitazame. Kama shina linajikunja na ncha inabaki imenyooka kama uzi wa katani, joto limekwisha kuua ncha hiyo. Hakuna mafuta wala matibabu yatakayoirudisha, haidhuru muuzaji atasema nini. Ikatwe. Kwa hiyo pasi isizidi mara moja kwa wiki mbili, na mwezini mara moja ni bora zaidi.

Sasa defrizan. Tunajua wapo watakaoichagua tu, kwa sababu ya kazi, kwa sababu ya muda, au kwa sababu ndivyo wanavyojipenda, na hatuna sababu ya kuwasema. Tunataka wasiumie.

Kuna defrizan ya soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, na kuna ile ambayo boksi lake limeandikwa «sans soude». Watu husikia "bila soda" wakadhani ni dawa ya upole isiyochoma. Si hivyo. Ndani yake kuna krimu ya kalisi (kalsiamu) na chupa ndogo ya kimiminika. Zikichanganywa zinazaa hidroksidi ya guanidini, ambayo nayo ni kali. Huichoma ngozi kidogo kuliko soda, lakini inaacha kalisi kwenye unywele, na baada ya miezi nywele zinakuwa kavu, ngumu, zisizoshika mafuta. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo, uliobaki utupwe. Ile ya soda inachoma ngozi upesi zaidi, ila nywele hubaki na ulaini. Tena iko familia ya tatu, ya thioglikolati, inayotumika pia kutengeneza mawimbi. Familia hii haichanganyiki kabisa na zile mbili. Kichwa chenye nywele za hidroksidi kikipakwa thio, nywele zinakatika ndani ya siku chache, hata mkononi mwa msusi mzoefu. Kwa hiyo mteja akihama saloni, aje na jina la dawa aliyowekewa mwisho. Akiwa hajui, kwetu hapakwi.

Siku tatu kabla, usioshe kichwa na usijikune. Mafuta ya ngozi yenyewe ni kinga, na kila mkwaruzo wa kucha ni mlango wa dawa. Siku yenyewe, kabla ya kufungua kopo, hakikisha maji yapo. Hili tunalisisitiza kuliko yote kwa sababu ya mji wetu. Bomba linaweza kukauka katikati ya kazi, na dawa haijui kwamba umemtuma mtoto ziwani, kule Kituku, akatafute maji, inaendelea kula. Weka bidoni mbili za lita 20 kando ya kiti, zimejaa, na zisiguswe kwa kazi nyingine. Tumeona dada mmoja aliyetoka saloni nyingine ya mjini, ambako alisuuzwa kwa ndoo moja tu. Siku ya tatu alikuwa na upara wa ukubwa wa kiganja utosini, ameufunika kwa kitambaa, hawezi hata kutuambia bila machozi. Dawa aliyopakwa isingemdhuru hivyo kama maji yangetosha.

Paka vazelini kwenye ngozi yote, masikioni, shingoni na kwenye mstari wa paji. Paka vazelini au mafuta mazito pia kwenye nywele za zamani zilizokwisha nyooshwa, maana dawa inatakiwa kugusa zile mpya tu zilizoota. Kurudisha dawa juu ya nywele za zamani ndiyo chanzo kikubwa cha kukatika. Kwa hiyo subiri wiki 10 hadi 12, ili kuwe na sentimita mbili au tatu za kufanyia kazi. Ukikimbilia wiki ya sita, hakuna mkono unaoweza kukwepa za zamani.

Vaa glavu. Gawa kichwa mafungu manne, anzia kisogoni na utosini kwenye nywele sugu, malizia pembeni na pajini ambako ni laini. Upakaji wote uishe ndani ya dakika 8 au 10. Kichwa kikiwa na nywele nyingi, watu wawili wasaidiane kupaka. Lainisha kwa mgongo wa kitana au kwa vidole, usichane. Saa iwe mezani na muda ulioandikwa kwenye boksi usizidishwe hata dakika moja. Sisi tunasimamia mapema: nywele zikiwa zimelegea kiasi cha robo tatu hivi, tunasuuza. Hizo zilizobakiwa na mawimbi kidogo zinabeba nguvu ambayo nywele zilizolala bapa kabisa hazina, na mizampli itamalizia sehemu iliyobaki.

Wakati huo maneno huwa ni haya:

— Dada, inachoma?

— Kidogo tu yaya, acha kwanza, bado haijanyooka pale mbele.

— Hapana, inuka tuitoe.

Inuka. Kuchoma hakumaanishi kwamba dawa inashika. Kunamaanisha imefika kwenye ngozi, na mtu anayevumilia dakika tano ili anyooke vizuri anaweza kubaki na kovu lisiloota nywele maisha yake yote.

Suuza kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika tano au zaidi, bila kusugua kwa kucha. Kisha shampuu ya kukata dawa, ile inayobadili rangi: povu likiwa la waridi, bado dawa ipo. Rudia mpaka povu liwe jeupe, kwa kawaida mara tatu, na povu la mwisho liache likae dakika mbili tatu. Saloni zinazobania huruka hatua hii, zikitumia shampuu ya kawaida au sabuni, maana shampuu hiyo inauzwa ghali. Na maji yetu hayatusaidii. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, iko karibu na 9, wakati unywele hutulia kwenye pH ya kati ya 4 na 5. Kusuuza tu kwa maji ya ziwa hakuwezi kuondoa kazi ya alkali. Unaiosha alkali kwa alkali hafifu zaidi. Sabuni ya kipande nayo katika maji hayo huacha utando mweupe unaokwaruza nywele. Ndiyo maana, ngozi ikiwa nzima, tunamalizia kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha mezani cha siki. Magamba ya unywele yanafunga, nywele zinang'aa. Hata kwa nywele za asili, wanaooga maji ya ziwa wataona tofauti baada ya mara chache. Siki isiguse kidonda.

Dawa ikiingia jichoni, fungua kope na mimina maji safi bila kukoma kwa dakika 15 hadi 20, halafu hospitali, hata kama maumivu yametulia. Ngozi ikiungua, maji mengi tu, bila limau wala dawa ya meno.

Na afya ya ndani? Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 33,000. Kwa waliotumia kemikali za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, walikadiria kwamba asilimia 4.05 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa wasiotumia kabisa ilikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo yanayoandamana, hausemi dawa ndiyo iliyoleta kila kisa. Lakini kwetu ni sababu ya kutosha ya kupunguza idadi ya mara, na ya kutowapaka watoto na wajawazito.

Lisaji ya Kibrazili, yaani kunyoosha kwa dawa na pasi ya moto, inauzwa kama njia laini: nywele hazikatiki siku hiyo, zinang'aa, zinavumilia mvua miezi miwili mitatu. Kinachofanya kazi katika nyingi ya dawa hizo ni formoli, ile ya kuhifadhia maiti, inayotoka kama mvuke pasi ya nyuzi 230 inapopita. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeikataza kwenye vipodozi, na Brazili yenyewe, ambayo jina lake liko kwenye chupa, imekataza kuitumia kunyoosha nywele. Fikiria basi saloni ya mbao ya mita tatu kwa tatu, mlango mmoja, mvua nje, watu watano ndani na mtoto mgongoni. Macho yakianza kuwasha na koo kukaba, hiyo ndiyo formoli. Chupa zinazojisifu kuwa hazina formoli mara nyingi zina asidi ya glioksiliki. Mwaka 2024 madaktari waliripoti mwanamke aliyeharibika figo ghafla kila mara baada ya kunyooshwa kwa dawa yenye asidi hiyo. Hatuifanyi, na anayeomba tunampeleka kwenye mizampli.

Wanaotaka kuacha dawa wajiandae kwa mwaka mgumu. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya mwaka una sentimita 12 za asili zilizoungana na ncha zilizonyooshwa, na pale zinapoungana ndipo hukatika. Uzi husaidia sana hapo, kwa sababu unafananisha shina na ncha bila moto. Punguza ncha sentimita moja au mbili kila baada ya miezi miwili, chana nywele zikiwa na krimu tu, na usiweke misuko mizito ya meshi (nywele za kuongezea) juu ya mstari huo. Asiye na subira anyoe. Kichwa kifupi kinaoshwa kwa nusu bidoni, na kwa bei ya maji ya siku hizi hilo nalo si dogo.